Kioo cha Mtu Anayeketi Mkekani

Dada yangu alianza kuchora kanga kabla mimi sijaanza kuzivaa. Hukaa mkekani, chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Ilala, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyoosha, ubao wa mninga mapajani, karatasi juu ya ubao, na huanza na pindo. Wachoraji wengi huanza na mji, ile sehemu ya katikati, kwa sababu ndiyo inayoonekana mtu akiwa bado yuko mbali. Yeye husema mji usio na pindo ni kiwanja tu, kila mtu atapita. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzipeleka zile karatasi Barabara ya Uhuru kwa tajiri anayechapisha kanga, kubishana naye, na kurudi nyumbani na jibu. Yeye mkono, mimi mdomo. Kwa mpango huo tumeishi miaka mingi na hakuna aliyeshinda njaa ila mwezi wa mfungo, na hapo kwa hiari yake.

Halafu siku moja tajiri hakuifungua hata ile karatasi iliyoviringishwa. Aliisukuma taratibu juu ya kaunta, kama mtu anayerudisha chai iliyopoa.

Tajiri ni mdogo kwangu kwa umri. Duka alilirithi kwa baba yake, na pamoja na duka alirithi adabu. Kila nikiingia huniamkia, hata siku anazokusudia kunichinja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hufungui?"

"Kiwanda hakipokei karatasi tena. Wanataka faili la kompyuta. Kila rangi na tabaka lake, na pindo lijirudie bila kiungo kuonekana. Nikiwapelekea karatasi, wanamweka mtu wao aichore upya. Na akishaichora upya, mama, si kanga ya dada yako tena. Mimi mwenyewe siijui."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aniletee michoro mitatu ya faili kabla ya mfungo. Nitaichapisha vipande vya majaribio. Ikitoka sawa, tunaendelea kama zamani. Isipotoka sawa, tutabaki majirani wema."

Pale Uhuru, "majirani wema" maana yake usirudi. Nilihesabu wiki zilizobaki mpaka mfungo: saba. Nikahesabu tena kuanzia mfungo kurudi nyuma: saba.

Nilipomweleza dada, aliifunika chupa yake ya wino, akaipangusa shingo kwa kitambaa, akaifunika mara ya pili ingawa ilikuwa imeshafunikwa.

"Sasa nifanye nini? Niuze maandazi?"

"Maandazi yako hayanunuliki, dada. Tusidanganyane."

"Basi katafute hiyo kalamu ya kompyuta. Nitaijua."

Hakulia, wala hakumlaani mtu. Alisema nitaijua kama mtu anayesema nitakuja kesho.

Laptopu tulikuwa nayo, ya mtumba, iliyobaki nyumbani binti wa dada alipoolewa na kuhamia Mtwara. Programu ya kuchorea aliiweka yule binti, akamfundisha mama yake kwa simu jioni tatu mfululizo, kwa kelele ambazo mtaa mzima ulijifunza. Siku za mwanzo dada alichora kwa mausi. Wanaoijua kanga wanaijua korosho: ina tumbo nene, halafu mkia unaokonda na kujikunja mpaka unapotea. Mkia huo ndio sahihi ya mchoraji. Korosho ya mausi ilitoka na mkia wa unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kama waya wa kuanikia nguo. Dada akaichukua mausi kwa vidole viwili akaiweka juu ya kabati, mahali tunapoweka vitu vya wageni waliosahau.

Nikaenda Kariakoo. Peke yangu. Hilo ndilo kosa la kwanza, na nalitaja mapema ili nisije nikalificha.

Kariakoo kuna maduka ambayo ukiuliza bei unapewa kiti, na kuna mengine ambayo ukishapewa kiti ujue bei imepanda. Nililoingia mimi lilinipa kiti na soda. Soda niliikataa. Kiti nilikikubali, magoti hayana ubishi.

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimechongwa vizuri, sauti ya mtangazaji wa mechi.

"Karibu mama. Mambo ya simu au mambo ya laptopu?"

"Mambo ya kuchora. Kuna kalamu ya kompyuta, ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda. Hiyo."

Akashusha boksi. Ndani kulikuwa na kibao cheusi kisicho na kioo, bapa kama sinia, na kalamu yake. Unachora juu ya kibao, mstari unatokea kwenye kompyuta.

"Hiki ndicho chenyewe. Orijino."

"Orijino ya wapi?"

"Ya kwao."

Kwenye boksi pameandikwa ncha za akiba kumi. Nilizimwaga mezani nikahesabu: nane. Nikahesabu tena: nane.

"Mama, mbili zimo ndani ya kalamu."

Nikaifungua kalamu. Ndani mlikuwa na moja.

"Basi tisa," akasema, kama vile tuko kwenye mapatano.

Ya kumi aliitoa kwenye boksi la mwingine. Mungu amsaidie huyo mwingine.

Ikabaki monita, kwa sababu kioo cha ile laptopu ni kidogo na rangi zake zimefifia. Ukuta wa duka ulijaa monita, zote zinaonesha kitu kimoja: samaki wa rangi wanapita, halafu tikiti maji linakatwa. Mimi tikiti nimelila tangu meno ya kwanza na sijawahi kuliona jekundu namna ile.

"Ondoa hao samaki," nikamwambia. "Weka picha hii." Nilikuwa na flashi yenye picha ya kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayofungwa na maharusi, na kisutu chenyewe nilikuwa nacho kwenye mkoba. "Halafu hiyo monita itoe nje."

"Nje wapi?"

"Mlangoni. Juani."

Hapa lazima nieleze. Sisi watu wa nguo hatununui rangi ndani ya duka. Taa ya dukani ni shahidi wa mwenye duka. Mteja anayejua kazi hulichukua doti akatoka nalo mpaka mlangoni, akalikunjua juani, akalitazama, akarudi ndani na uso usiosema kitu. Hivyo ndivyo alivyonifundisha mama yangu, na hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye. Sijawahi kuuziwa bluu nikadhani nyeusi tangu nianze kazi hii.

"Mama," muuzaji akasema, "monita haianikwi."

"Siianiki. Naiuliza."

Alileta waya mrefu wa umeme. Tukazitoa tatu mlangoni, moja baada ya nyingine, juu ya stuli. Mpita njia aliyekuwa na soksi begani akasimama. "Jamani, mama anakausha TV!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, mteja akichekwa bei hushuka. Monita mbili za kwanza zilikufa juani kama tochi ya adhuhuri. Ya tatu ilistahimili. Niliinua kisutu kando yake, nimesimama imara, nikatazama nyekundu kwa nyekundu. Karibu sawa. Nikashusha bei mara tatu, akaapa mara nne, nikaichukua pamoja na kibao. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa zangu mwenyewe.

Dada alianza kazi siku ile ile. Na siku ile ile nikaanza kuona mambo ambayo dukani sikuyaona.

Kwanza, dada hachori bila kuzungusha karatasi. Mkono wake unajua kupinda kwa upande mmoja tu. Pindo likigeuka, karatasi ndiyo inayogeuka. Alipofika pembe ya kwanza akakizungusha kibao mapajani, kama alivyofanya maisha yake yote, na mstari kwenye monita ukakimbilia upande mwingine kabisa, kama mbuzi aliyekata kamba. Kile kibao hakijui kwamba kimegeuzwa. Nikakifunga kwenye ubao kwa mpira wa bukta ili kisizunguke. Akaanza kuzunguka yeye. Nilimkuta ameipa monita ubavu, shingo imepinda, anachora korosho kwa mkono ulionyooshwa kama anayepapasa swichi gizani.

"Dada, utavunjika."

"Nikivunjika utanihesabu vipande. Niache."

Pili, ule mwanga ulioshinda jua ulimchoma macho. Nikaupunguza mpaka chini.

Mchoro wa kwanza ulimchukua siku kumi na moja. Ulipokwisha ulikuwa mzuri. Mkia wa korosho ulikonda inavyotakiwa. Nikaupeleka kwa tajiri kwenye flashi, akauchapisha kipande, na baada ya siku chache akaniita. Alikikunjua kile kipande juu ya kaunta. Mahali pa nyekundu palikuwa na waridi, waridi laini.

"Mama, hii ni kanga au ni keki?"

Nikakigeuza upande wa pili: waridi vilevile.

"Pindo zuri," akaendelea. "Mkono wake naujua. Lakini nani atafunga hii? Kiwanda kimechapisha rangi kama ilivyoandikwa kwenye faili. Sasa zimebaki wiki tatu na siku moja. Nampa nafasi moja tena. Si kwa ajili yako, wewe unanichosha. Kwa ajili yake. Ikitoka hivi tena, sitaweza."

Nilirudi na kile kipande kwenye mkoba kama mtu aliyebeba barua ya msiba. Dada alikipokea, akakiweka kando ya monita, akakunja uso.

"Mbona kwenye kioo ni nyekundu?"

"Nyekundu wapi? Si waridi hiyo?"

"Wewe macho yako yana nini? Nyekundu hiyo. Tena mwanzo ilikuwa imeiva mno, karibu na zambarau, nikaipunguza mara mbili."

Mimi nilikuwa nimesimama. Nikaketi kando yake mkekani. Ilikuwa nyekundu. Nikasimama: waridi. Nikaketi: nyekundu. Nilisimama na kuketi mara nne, kama mtu aliyesahau yuko rakaa ya ngapi, na kila mara ile monita ikanipa jibu linalonifaa mahali nilipo.

Nikaelewa. Monita ilikuwa juu ya meza, yeye chini mkekani, anaitazama toka chini. Ukiitazama kutoka chini, rangi zake zinaingia giza. Yeye, mtu mwaminifu, aliona giza akaongeza weupe. Kosa halikuwa lake hata chembe. Mimi niliichagua nikiwa nimesimama wima, mlangoni, juani, kwa ajili ya mtu anayefanya kazi ameketi, ndani, kwenye kivuli. Nilikuwa nimenunua kioo cha mtu mwingine, pengine cha askari wa usalama barabarani.

"Unacheka nini?" dada akauliza.

"Sicheki. Nalia kwa meno. Kesho narudi Kariakoo."

"Mimi kwenye kiti siwezi kuchora," akasema, kana kwamba nilikuwa nimemwomba. "Nimejaribu jana ulipotoka. Mkono unaning'inia."

"Hakuna aliyekwambia ukae kwenye kiti. Kitakachohama ni kioo."

Ukutani pale dukani palikuwa na tangazo: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nililiona mara ya kwanza, nikaliona na mara ya pili. Muuzaji alinionesha kwa kidole.

"Nimelisoma," nikasema. "Sikuja kurudisha. Nimekuja kukaa."

Nikatandika mkeka nje ya mlango, pembeni, mahali ambapo si pake wala si pangu, nikaiweka monita yangu juu ya boksi lake. Kila mteja aliyesimama kutazama monita nilimwamkua, na nilimwambia kwa upole: "Mwanangu, kabla hujanunua hiyo, chuchumaa kidogo uitazame toka chini." Wa kwanza alichuchumaa, akasema "Ha!" akaondoka. Wa pili aliniuliza kama mimi ni mfanyakazi wa duka. Nikamwambia bado tunaelewana. Wa tatu alimwita mwenzake waje wachuchumae wote wawili.

Ilipokaribia adhuhuri muuzaji alitoka, akachuchumaa mbele yangu. Sauti ya mechi ilikuwa imekwisha.

"Mama yangu. Unataka nini?"

"Chukua monita yako na kibao chako, ncha zote kumi zimo, hesabu. Nirudishie changu, kata kidogo ya usumbufu. Mkeka nitaukunja mwenyewe."

Alikata zaidi ya kidogo. Nikaongeza sauti kidogo. Akakata kidogo. Tulipomaliza alinisaidia kukunja mkeka, akaniambia kwa unyonge kwamba kuna fundi mtaa wa Gerezani anayekarabati monita zilizotoka maofisini, mtu wa kweli, nimwendee huyo na nisimtaje yeye. Nilimshukuru kwa dhati. Mtu akishakuchoka ndipo anakwambia ukweli.

Safari hii nilikwenda na dada, na mkeka, na kisutu, na laptopu. Fundi wa Gerezani alikuwa mzee mwembamba, mwenyeji wa Masasi, miwani imefungwa kwa uzi, kwenye chumba kilichokuwa zamani cha vipuri vya magari na bado kinanuka grisi. Monita zimepangwa sakafuni kama vitabu. Nilipotandika mkeka katikati ya chumba chake aliinua miwani.

"Mama zangu, mmekuja kununua au kuswali?"

"Kununua," nikasema. "Tukishasikia bei ndipo tutaswali."

Dada aliketi, mguu mmoja amekunja, mwingine amenyoosha. Nikamweleza fundi yote: mlangoni, juani, waridi, keki. Hakucheka. Alivuta kibenchi, akaweka juu yake monita ya kwanza kwa urefu wa meza yetu.

"Hizi rahisi," akasema, "zimetengenezwa kwa mtu mmoja tu, aliyekaa sawa mbele yake. Ukienda chini zinakugeuka. Lakini ziko nyingine hazijali umekaa wapi. Zinaonekana zimepooza, hazina mbwembwe, ndiyo maana dukani hazipendwi."

Tukafunga mlango na pazia, taa moja ikabaki. Kisutu dada alikishika mwenyewe, safari hii kando ya kila kioo, ndani ya kivuli. Alitazama akiwa ameketi, akajilaza kwenye kiwiko, akasogea kushoto. Ya kwanza aliikataa kwa kidole kimoja. Ya pili vilevile. Ya tatu aliitazama muda mrefu, akaikataa kwa huzuni. Ya nne ilikuwa kijivu, nzito, ina stika ya hesabu ya mali ya ofisi fulani iliyobanduliwa nusu. Mtu asingeigeukia hata mara moja. Dada akaketi, akajilaza, akasogea. Nyekundu ilibaki pale pale.

"Hii haibabaiki," akasema.

Nikamwambia fundi aweke weupe mtupu kwenye kioo kizima, nihesabu nukta zilizokufa, zile zisizowaka. Nikapata tatu. Nikahesabu tena nikapata mbili, ya tatu ilikuwa uchafu wa nzi, ikatoka kwa ukucha. Mbili zilikuwa pembeni kabisa. Zikatupunguzia bei.

Kwa upande wa kibao fundi alituambia lile nililopaswa kuliuliza tangu mwanzo: mtu anayezungusha karatasi anahitaji kibao chenye kioo chake, achore juu ya picha yenyewe. Hapo ukikigeuza, mchoro unageuka nacho mapajani. Alikuwa navyo viwili, vyote vimetumika. Kimoja kikubwa, kizuri, hakina doa. Kingine kidogo, kama ukurasa wa daftari kubwa, kina mkwaruzo kwenye pembe. Akavitaja kwa bei moja.

Ndugu msomaji, mimi nimeishi kwa kanuni moja: vikiwa viwili kwa bei moja, chukua kikubwa. Mkono wangu ulishakishika.

"Ngoja," dada akasema. Akachukua kalamu, akachora korosho kwenye kile kikubwa. Akainamia. Akachora nyingine. "Kioo chake kinene. Nagusa hapa, mstari unatokea hapa." Alinionesha nafasi baina ya ncha na wino, upana wa punje ya mchele.

"Dada, punje moja tu! Tazama ukubwa wake lakini."

"Mkia wa korosho unaishia kwenye punje moja. Kikubwa kinanidanganya. Nipe hicho kidogo."

Akakichukua kidogo, akakiweka kwenye paja. Tumbo, mgongo, akakigeuza kama karatasi, akavuta mkia. Mkia ukakonda, ukajikunja, ukapotea mahali pale pale alipoinua kalamu. Alichora ya pili inayoitazama ya kwanza, halafu ya tatu, na fundi aliyekuwa amesimama na bisibisi akakaa kwenye kibenchi bila kuangalia nyuma, nusura aikalie monita.

Bei tulibishana baadaye. Kusema kweli sikubishana sana, kwa sababu dada alikuwa ameshaanza kazi mbele ya muuzaji, na hakuna njia mbaya zaidi ya kununua kitu.

Karibu wiki mbili nyumbani hakikupikwa kitu cha kueleweka. Dada alichora toka alfajiri mpaka macho yakakataa, akalala, akaamka. Kibao mapajani, monita ya kijivu mbele, kisutu kimetundikwa kando yake. Kila rangi aliipeleka kwenye tabaka lake na kila tabaka mimi nililihesabu, kwa sababu nilikuwa sina la kufanya na hiyo ndiyo njia yangu ya kuswali. Ule mchoro wa keki aliusahihisha rangi, akachora mingine miwili mipya. Zilipobaki siku tisa nikaipeleka flashi. Zilipobaki siku tano tajiri akaniita.

Vipande vitatu vilikuwa vimetandazwa juu ya kaunta. Nyekundu ilikuwa nyekundu. Alivitoa mlangoni kimoja kimoja, juani, akarudi na ule uso usiosema kitu.

"Nani kachora?"

"Yule yule wa siku zote."

"Mama, nisikilize bila kukasirika. Siku hizi mtu anachukua mchoro wa mwenzake mtandaoni, anageuza rangi, ananiletea. Juzi nimeletewa kanga ambayo baba yangu aliichapisha mimi nikiwa mtoto. Faili halina mkono. Karatasi ilikuwa na mkono, niliona hata mahali alipofuta."

Nikafungua mdomo.

"Mdomo wako naujua," akasema. "Mlete yeye."

Dada alikuwa hajafika Uhuru miaka mingi. Alikuja kesho yake amejifunga kanga mpya, akaamkiwa shikamoo na duka zima, akapewa kiti. Akakitazama kiti.

"Tandika," akaniambia.

Nikatandika mkeka sakafuni, baina ya marobota mawili ya vitenge. Nikaunganisha laptopu na kibao. Wateja wakajisogeza. Tajiri alisimama juu yake, mikono nyuma.

"Unataka nini?" dada akamuuliza.

"Pindo. Mawimbi, na korosho mbili mbili zinazotazamana."

Akaanza. Wimbi la kwanza lilitoka limetetemeka, nikaliona, na nadhani tajiri aliliona pia. Kiganja cha dada kilikuwa na jasho. Aliweka kalamu chini, akapangusa kioo kwa ncha ya kanga, akapangusa na mkono, akalifuta lile wimbi na kuchora upya. Safari hii lilipita. Akakigeuza kibao pajani, korosho ya kwanza, akakigeuza, ya pili. Alipofika pembe hakupunguza mwendo. Kisha akalirudia pindo upande wa pili, na kiungo nikakitafuta mara mbili kwa macho yangu haya nisikione.

Tajiri alikuwa ameshachuchumaa. "Hilo jeusi," akasema taratibu, "likiwa kijani?"

Dada akagusa mara moja. Likawa kijani.

"Kwenye karatasi hiyo ilikuwa kazi ya siku tatu."

"Nne," dada akasema. "Siku ya nne nilikuwa nanawa wino."

Mteja mmoja akacheka. Tajiri hakucheka. Alikaa chini kabisa, na suruali yake nyeupe, akalitazama lile pindo kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye.

"Nataka sita," akasema. "Za Idd."

Hapo ndipo pangu. Nilivuta pumzi niingie, lakini dada akaninyooshea kalamu bila kugeuza kichwa, kama unavyomnyooshea mwiko paka.

"Nne," akamwambia tajiri. "Sita utapata, lakini mbili zitakuwa za haraka, na utazijua. Nne nzuri. Na zikichapwa, kipande cha kwanza kiletwe nyumbani nikione kabla ya robota zima."

"Hatujawahi kufanya hivyo, mama."

"Hatujawahi kutumia faili pia."

Tajiri alinitazama mimi kutafuta msaada, jambo ambalo halijapata kutokea. Nikajishughulisha kukunja waya.

"Nne," akasema mwishowe. "Na kipande nitakileta mwenyewe."

Tulitoka tukashika njia ya kurudi Ilala, watu wamejaa mpaka barabarani, maguta ya mizigo yanapiga kengele, mimi na mkeka kwapani na laptopu mgongoni, yeye amekibeba kibao kifuani kwa mikono miwili. Penye mfereji nikamshika kiwiko asijikwae.

"Mimi nimevuka mifereji hii kabla hujazaliwa," akasema. "Acha mkono wangu, shika hiki kioo."

Nikakishika. Akavuka, akanigeukia, akanyoosha mikono kukipokea. Kabla hatujafika kituoni alishaniuliza kama nyumbani kuna umeme, kwa sababu ile ya kwanza katika zile nne alikuwa anaiona tayari, na alitaka kuianza na pindo.